UZI: Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikaa miezi bila kliniki ya mazoezi, nini kinarudi na nini hakirudi

#1 mtu_wa_mazoezi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa tiba kazi, wengi mnatuita tu watu wa mazoezi, nipo hospitali moja ya mkoa ambayo sitaitaja. Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wenye watoto wa CP, yaani mtindio wa ubongo, siyo "atatembea lini", japo hilo nalo halikosi. Ni hili: "tulikatisha kliniki, je ndo tumeshamharibu mtoto?" Na majibu wanayopewa huko mara nyingi ni mawili tu, ama mama anagombezwa mbele za watu kwanini hukuja muda wote huo, ama anaambiwa usijali mama tunaanza upya. Hakuna hata moja linalomsaidia. Ukweli upo katikati na unategemea mtoto ana umri gani, CP yake ni ya daraja gani na kilichokatika ni nini hasa, sababu watu wanasema "mazoezi yamekatika" kumbe kilichokatika ni dawa, au splinti (kile kifaa kigumu cha kushikilia mguu ukae sawa), au kiti.

Kwanza tuwekane sawa. CP ni jeraha la ubongo lililotokea ubongo ukiwa bado unajengeka, tumboni, wakati wa kujifungua au miaka ya mwanzo mwanzo. Mtoto hakulia alipozaliwa, au alizaliwa njiti, au manjano yalipanda yakachelewa kutibiwa, au homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Ukikosa kliniki mwaka mzima ubongo wake hauharibiki zaidi kwa sababu hiyo, hilo litoe moyoni kabisa. Kinachokua ni mtoto mwenyewe. Mfupa wa paja unarefuka uwe kliniki uwe shamba, na msuli wenye mkazo haurefuki kwa kasi ya mfupa, basi msuli unabaki mfupi unavuta kiungo, goti linajikunja, kisigino kinapanda mtoto anakanyagia vidole, mapaja yanaingia ndani miguu inapishana. Ndo maana mtoto anaweza kurudi nyuma sana huku ugonjwa wake kule kwenye ubongo haujasogea hata kidogo, na wazazi wanachanganyikiwa hapo, wanaambiwa "haiongezeki" halafu wanaona kwa macho yao inaongezeka.

Sasa nini kinarudi. Ujuzi unarudi, kwa kiasi kikubwa. Mtoto alikuwa anakaa kwenye kigoda anashika kikombe mwenyewe, mmekaa miezi mitatu bila kliniki mmerudi anayumba, hashiki. Huyo ukimrudishia nafasi ya kufanya kile kitu kila siku, siyo mara moja kwa wiki kwangu, kila siku kwenu wakati wa chai, mara nyingi anakipata tena. Nguvu inarudi pia. Hofu inapungua, sababu kuna watoto wakikaa muda wanakuwa waoga wa kushikwa na mtu yeyote zaidi ya mama.

Kisichorudi kirahisi ni kiungo kilichokwisha kukakamaa. Kuna hatua msuli unakuwa mfupi lakini bado ukiuvuta taratibu unakubali, halafu kuna hatua nyingine haukubali tena hata mtoto akiwa amelala usingizi. Ukifika hapo mazoezi yangu hayana miujiza, tunaongea habari za kufunga hogo, yaani plasta ngumu, kwa awamu, kubadilisha kila wiki au wiki mbili, au upasuaji wa kurefusha kano.

Na kikubwa kuliko vyote, ambacho wazazi wengi hawajawahi hata kuambiwa: NYONGA. Kuna utafiti wa jimbo la Victoria kule Australia, 2006, waliwafuatilia watoto wote wenye CP siyo wale wa hospitali tu, wakakuta kama theluthi moja nyonga zao zinasogea kutoka mahali pake. Lakini angalieni mgawanyo. CP tunaigawa madaraja matano kwa uwezo wa kutembea, la kwanza anatembea na kukimbia na mwenzake unaweza usimtambue, la tano hawezi hata kushika shingo vizuri. Daraja la kwanza hakupatikana mwenye shida ya nyonga, daraja la tano ilikuwa kama asilimia 90. Tisini! Na inaanza kimya kimya, haiumi mwanzoni, mtoto anacheka tu. Kuja kujua ni pale mama anasema siku hizi kumbadilisha nepi kazi, miguu haifunguki, na usiku analia hatujui analia nini.

Nyonga haisubiri mvua ziishe wala nauli ipatikane. Ndo ninachotaka kusema kwenye uzi huu wote. Mkikosa kliniki mnachokosa zaidi siyo yale mazoezi ya nusu saa, yale mengi yanafanyika nyumbani, mnachokosa ni JICHO la mtu anayepima. Wasweden tangu 1994 walianza kule kusini mwa nchi yao mpango wa kumfuatilia kila mtoto mwenye CP, apimwe viungo, apigwe picha ya nyonga kwa ratiba, asipotee hata mmoja. Kabla ya mpango nyonga kuchomoka kabisa ilikuwa kwa karibu asilimia 8 hadi 10 ya watoto, baada yake ikashuka chini ya 1. Hawakugundua dawa mpya wale. Walikuwa wanajua mapema wanafanya operesheni ndogo kabla haijahitajika kubwa.

Halafu umri. Watu wanadhani pengo ni pengo. Hapana. Mtoto wa mwaka mmoja, miwili, mitatu, anachopoteza kwenye pengo ni muda wa kujifunza, tafiti zinaonyesha watoto wenye CP wanafikia kama asilimia 90 ya uwezo wao wa mwili ule wa kukaa, kutambaa, kutembea, wakiwa na miaka mitano hivi au hata kabla. Mtoto wa miaka tisa mpaka kumi na tatu anachopoteza ni kiungo, sababu ndo anarefuka ghafla. Na sasa oneni ajabu yake, huku kwetu watoto wanaanza kupotea kliniki wakifika miaka sita saba. Kwanini? Hapakatiki tena. Mama alikuwa anambeba mgongoni anapanda daladala mbili, sasa mtoto ana kilo ishirini, miguu imekaza inagonga abiria, kondakta anasonya, bodaboda anataka hela ya watu wawili. Kwahiyo wanaacha kuja wakati uleule mwili unaanza kuharibika kwa kasi. Mimi faili zangu nyingi zinaishia hapo hapo.

Nimeandika kirefu samahani. Leteni maswali, wataalamu wengine mnisahihishe.

#2 kijana_wa_Makorora

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa. Uzi wa maana sana huu, siku hizi jukwaa limejaa mikeka ya betting tu.

#3 mamake_wa_Ukunda

Asante sana ndugu. Mimi ni wa huku Kenya, Ukunda. Niwape ya kwangu mnisikie.

Mwanangu alikuwa na miaka minne 2020. Tulikuwa tukienda Mombasa kwa fizio na OT (tiba kazi), matatu mpaka Likoni, feri, kisha tuktuk. Korona ilipoingia ikawekwa kafyu mwisho wa Machi, na mwezi wa nne tarehe nane wakafunga, hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale. Sisi ni Kwale, hospitali iko Mombasa. Basi. Kwale walitufungulia mwezi wa sita lakini Mombasa ikabaki imefungwa mpaka tarehe saba mwezi wa saba, sasa hata ukifunguliwa utoke uende wapi? Na hata ilipofunguliwa hatukurudi mara moja maana babake alikuwa akifanya kazi hotelini na mahoteli yote yalikuwa kimya, pesa ya tuktuk hamna.

Ninachotaka kusema, hayo mazoezi nilikuwa nikiyafanya nyumbani kila siku wallahi, niliyajua yote. Lakini ile splinti ya miguu ilikuwa ishambana. Nikaitoa nikasema nitampeleka wakifungua. Tuliporudi mguu wa kushoto hauji tena sawa, kisigino hakifiki chini. Na hakuna aliyeniambia mapema kuwa splinti ina umri wake. Akafungwa plasta mara kadhaa, ikasaidia lakini haikurudi kama zamani. Leo atembea na kitembezi, alhamdulillahi, lakini kabla yake alikuwa ashaanza kushika ukuta mwenyewe.

Na shule zikafungwa mpaka Januari 2021. Shule kwa mtoto wangu haikuwa masomo pekee, kule ndiko kulikokuwa na kile kiti chake cha kukalia wima na stendi ya kusimamia. Nyumbani alikuwa akishinda mkekani.

#4 mtu_wa_mazoezi

Mama pole sana, na umesema kitu kikubwa kuliko nilichoandika mimi. Mazoezi yaliendelea, kilichokatika ni kifaa. Kuna ushahidi mwingi sasa hivi kwamba kumvuta vuta mtoto viungo kwa mkono dakika kumi peke yake hakuzuii msuli kufupika, kinachosaidia ni msuli kukaa umenyooka kwa masaa mengi, yaani splinti usiku, kusimama kwenye stendi, kukaa vizuri kwenye kiti, na mtoto mwenyewe kutumia mwili wake kufanya kitu anachokitaka. Ndo maana mzazi anaweza kujitahidi kila siku na bado ikatokea. Hukukosea popote hapo.

Na mkekani ndo adui. Mtoto akilala mkao mmoja mchana kutwa, magoti yameanguka upande mmoja, mgongo unafuata, nyonga inafuata.

#5 Fundi_Viatu

Mimi natengeneza hizo splinti na viatu maalumu, nilisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya viungo pale Moshi. Naomba niongezee kwa mama wa Ukunda na wengine.

Splinti ya mtoto anayekua huwa inaisha ndani ya miezi sita mpaka mwaka. Siyo kwamba imevunjika, mtoto ndo ameipita. Dalili: vidole vinaning'inia nje ya ukingo wa mbele, kisigino hakikai chini ukimfunga mkanda, na ukimvua unakuta alama nyekundu kwenye ngozi. Alama ikipotea ndani ya dakika ishirini thelathini sawa, isipopotea acha kumvalisha mlete. Msimvalishe kwa nguvu eti maana mlishalipia, kidonda cha kisigino kinachukua muda mrefu kupona na muda wote huo havai kabisa.

Kingine watu wanarithishana. Mtoto wa jirani kaacha, unapewa wewe. Ile ilimwagwa kwenye mguu wa mtu mwingine kabisa jamani. Kiti cha magurudumu kurithishana angalau kinaweza kurekebishwa kidogo, splinti hapana.

#6 Mzee_Kigogo

Naombeni niwe tofauti kidogo, msinishambulie. Mtoto wa dada yangu kapelekwa mazoezi tangu mchanga mpaka ana miaka minane, hela imekwenda, dada kaacha biashara ya mgahawa, na mtoto HATEMBEI. Walipoacha kwenda sijaona tofauti yoyote. Sasa hizo kliniki zinasaidia nini? Au ni ajira za watu tu? Uliza swali la ukweli upate jibu la ukweli.

#7 mtu_wa_mazoezi

Mzee swali zuri, wala sikushambulii.

Inategemea mliahidiwa nini mwanzo. Kama dada aliambiwa atatembea akija sana, alidanganywa, na wapo wenzetu wanaodanganya kwa huruma. Mtoto wa daraja la nne au la tano, miaka mitatu minne tunaweza kuona mwelekeo, kutembea kwake peke yake haitakuwepo na mazoezi mengi kiasi gani hayabadilishi hilo. Basi lengo linakuwa lingine: akae, ale bila kupaliwa, asiumwe nyonga, mgongo usipinde ukabana mapafu, mama aweze kumuogesha bila kuvunjika kiuno, aweze kusema ndiyo na hapana hata kwa macho. Hayo usipoyahesabu utaona kliniki ni bure.

Na "sijaona tofauti" hiyo ndo inayonitisha kidogo, naomba umuulize dada vitu vitatu. Anapombadilisha miguu inafunguka sawasawa pande zote? Akimlaza chali magoti yakakunjwa, goti moja liko chini kuliko lingine? Analia akiguswa nyonga au usiku? Kama jibu moja linatia shaka apigwe picha ya eksirei ya nyonga, siyo ya goti, nyonga. Picha tu. Hakuna haja ya kurudi kliniki kila wiki kwa ajili hiyo.

#8 Mzee_Kigogo

Nimempigia sasa hivi. Anasema kumbadilisha ni shughuli na mguu wa kulia "mfupi". Asee.

#9 mtu_wa_mazoezi

Mguu mmoja kuonekana mfupi mara nyingi ndo nyonga hiyo. Wiki hii msilaze.

#10 nipo_kampala

Niko Kampala nafuatilia nyuzi zenu. Huku Uganda kuna kazi ilifanyika Iganga na Mayuge, wilaya za mashariki, waliwasaka watoto wenye CP nyumba kwa nyumba. 2017 walitoa kwamba ni kama 2.7 kati ya kila watoto 1000. Halafu wakawafuatilia wale wale kwa miaka minne hivi. Walikuta watoto wenye CP wanakufa kwa kiwango kama mara 25 zaidi ya watoto wengine wa maeneo yale yale. Mara ishirini na tano siyo makosa ya kuandika. Na waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa ulemavu mzito na wenye utapiamlo mkali.

Naileta hapa sababu mnaongea viungo sana. Huku kijijini mtoto hauawi na mguu uliokakamaa, anaondoka na chakula. Anapaliwa, chakula kinaingia kwenye mapafu, nimonia, anapona, anapaliwa tena, anakonda, mara ya tatu haponi. Mtu akikosa kliniki mwaka mzima hakuna anayempima uzito wala anayeangalia analishwa vipi.

#11 mtu_wa_mazoezi

Nakazia hii kwa wino mwekundu. Mkao wa kulisha ni mazoezi tiba pia. Mtoto analishwa amelazwa kichwa kimerudi nyuma, uji mwepesi unamiminwa, koo limefunguka moja kwa moja kuelekea mapafuni. Awe ameketi wima au nusu wima, kidevu kimeinama kidogo mbele, kijiko kije kutoka chini siyo kutoka juu, uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo usubiri ameze. Kumlisha hivyo kunaweza kuchukua saa nzima na ndo maana dada wa kazi au bibi anafupisha. Kliniki ikikatika kitu cha kwanza kurudi nyuma ni hiki, kabla hata ya mguu, maana hakuna anayekagua.

Ukikuta mtoto anakohoa kila mlo, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, vifua vya mara kwa mara, usisubiri tarehe ya kliniki.

#12 dr_wa_mtaani

Mimi nipo upande wa dawa, niongeze moja tu ambayo inaua haraka kuliko yote mliyosema. Watoto wengi wa CP wana kifafa pia. Kliniki inapokatika dawa nayo inakatika kwa sababu huwa zinachukuliwa siku moja. Fenobabitoni au kabamazepini au valproate ukiacha ghafla degedege linarudi na linaweza kurudi lisiloisha, mtoto anatetemeka nusu saa na zaidi, na hilo ndilo linaloweza kuongeza jeraha JIPYA la ubongo. Kwahiyo ile sentensi ya mleta uzi kwamba ubongo hauharibiki zaidi ni kweli kwa kukosa mazoezi, siyo kweli kwa kukosa dawa. Wale wachache wanaotumia baklofeni ya kulegeza misuli nao vilevile, haiachwi ghafla, inapunguzwa taratibu, ukiikata siku moja mkazo unarudi kwa nguvu na hata degedege linaweza kuja.

Zahanati nyingi zinaweza kuendeleza dawa ukienda na kadi yenye jina la dawa na kipimo. Nendeni na kadi.

#13 mtu_wa_mazoezi

Daktari asante, sahihisho limepokelewa na liko pale pale linapotakiwa.

#14 binti_Sumbawanga

Sisi tatizo letu siyo nauli, ni msimu. Mimi na mume wangu tunalima, kipindi cha kilimo tunahamia shambani mbali kabisa, hakuna hospitali, hakuna umeme. Mtoto wetu wa kike ana miaka mitatu. Mwaka jana nilimwachia mama mkwe mjini, kukaa pale majirani wakamwambia kuna mzee anakanda watoto kama hawa wananyooka. Akampeleka. Mtoto alirudi paja limevimba, kumbe limevunjika. Mwaka huu nataka niende naye shamba. Nibebe nini?

#15 mtu_wa_mazoezi

Dada hilo la kukandwa naomba wote mlisome mara mbili. Mtoto asiyesimama mifupa yake inakuwa mepesi, haina madini ya kutosha kwa sababu haibebi uzito, na dawa zingine za kifafa zinachangia. Mtu akimnyoosha kwa nguvu paja au goti linavunjika kwa urahisi ambao hutaamini. Kupaka mafuta na kupapasa kwa upole sina ugomvi nako kabisa, mtoto anafurahi mama anafurahi, lakini kunyoosha mpaka mtoto analia ni hatari, na hiyo ndo hasa hutokea kipindi cha pengo, familia inatafuta kitu cha kuziba.

Sasa shamba. Usibebe orodha ya mazoezi ishirini, hutayafanya, umechoka umetoka kupalilia. Kabla ya kuondoka nenda kliniki useme wazi "naondoka mpaka mavuno", watu wanaogopa kusema hivyo wanaona watasemwa, lakini ukisema, mtaalamu mwenye akili atabadilisha mpango: atapima viungo aandike kwenye daftari lako wewe, siyo kwenye faili letu, atakupa splinti yenye nafasi kidogo ya kukua au akuambie itaisha lini, na kama ni wakati wa picha ya nyonga itapigwa kabla. Dawa za kipindi chote kama anatumia.

Kiti ndo muhimu kuliko vyote. Kama hakuna cha mbao kuna viti vya maboksi, ufundi ulioenea kutoka Zimbabwe, makaratasi magumu yanagandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa ngano, yakikauka yanabeba mtoto vizuri tu, ni mepesi unabeba kichwani. Kisilowe mvua. Kule shamba akae hapo wakati wa kula na wakati mnapuria, awe anaona watu, mpe kitu cha kufanya, atoe maharage kwenye ganda, amwage kwenye bakuli, hata akifanya vibaya. Hiyo ndo tiba kazi yenyewe. Kwa umri wa miaka mitatu kushinda anatumia mikono akiwa wima na watu wanaomsemesha kunaweza kumsaidia kuliko kuja kwangu mara moja kwa mwezi.

Usiku asilale miguu imepishana, weka mto mdogo au khanga iliyokunjwa katikati ya mapaja.

#16 binti_Sumbawanga

Asante sana kaka. La maharage limenichekesha, maana huwa namfukuza.

#17 kijana_wa_Makorora

Swali la pembeni, hivi mtaalamu akihamishwa inakuwaje? Kwa shangazi yangu mtaalamu alikuwa mmoja tu wilaya nzima, akahamishwa, chumba kikafungwa kufuli, vifaa vimo ndani. Karibu mwaka hivi. Tena vile vifaa vilikuwa vya mradi wa wafadhili, mradi uliisha, ndo basi.

#18 mtu_wa_mazoezi

Hiyo ndo aina ya pengo ambayo mzazi hana kosa hata chembe na haina dawa ya nyumbani. Mradi unakuja na magari, unaandikisha watoto mia, wazazi wanazoea kufuatwa, siku unaisha watoto mia hawana pa kwenda, na mara nyingi daftari la majina linaondoka na gari. Naonaga bora kusiwe na kambi kubwa ya siku tatu kama hakuna mtu wa kubaki. Sindano ya botox kwa mfano inalegeza msuli kama miezi mitatu hivi, ile miezi ndo ya kumfunga hogo, kumpa splinti, kumfundisha kusimama. Ukimchoma ukaondoka, msuli unarudi ulivyokuwa na familia imebaki na picha ya pamoja tu ukutani.

Nilichoona kinasaidia ni wazazi kuwa na kikundi chao, wanakutana kwenye uwanja wa kanisa au msikiti au nyumba ya mmoja wao, wanafundishana. Mzazi wa mtoto mkubwa anaona nyonga ya mtoto wa mwenzie kabla yangu. Mtaalamu akihamishwa kikundi hakihami.

#19 mamake_wa_Ukunda

Kweli kabisa. Huku 2017 tuliona, mgomo wa madaktari ulikuwa umekwisha Machi baada ya siku 100, Juni manesi wakaingia wao mpaka Novemba. Mwanangu alikuwa mchanga, ndio kwanza tumeambiwa ana CP. Waliotushika mkono ni akina mama wawili tuliokutana foleni, mpaka leo tuko pamoja kwa WhatsApp, mmoja ndiye aliyenifundisha kumlisha.

#20 baba_wawili

Nimesoma wote kimya kimya. Mimi wangu ana miaka tisa, ametoka kliniki toka bima ilipokatika, kama miaka miwili sasa. Daraja sijui, hakai bila kushikiliwa. Nataka kumrudisha ila sijui nianzie wapi na naogopa kusemwa. Nianze na mazoezi?

#21 mtu_wa_mazoezi

Usianze na mazoezi. Anza na eksirei ya nyonga, akilala chali miguu imenyooka kadiri inavyonyooka, mwambie mpiga picha ni CP ili wamweke sawa. Mtoto wa namna hiyo ilitakiwa apigwe kila miezi sita mpaka mwaka. Ukishaipata ndo twende kwa daktari wa mifupa au kwetu, kulingana na ilivyo. Siku hiyo hiyo mpime uzito na umwambie mhudumu kama anapaliwa. Mazoezi ya nini na ya namna gani yatatoka humo, ukianza kumnyoosha leo na nyonga imeshatoka utamuumiza tu na atakuchukia.

Kuhusu kusemwa, ukifika mlango ukasemwa sema "nimekuja na picha, naomba uiangalie". Mtu akishika picha mkononi huwa anaacha hotuba.

#22 baba_wawili

Sawa mkuu. Nimeuliza hapa jirani picha wanapiga hata kesho, tatizo ni wa kunisaidia kumbeba, ni mzito. Shemeji yangu ana bajaji ngoja nimcheki.

#23 Mzee_Kigogo

Na sisi ni Alhamisi. Dada kashapata ruhusa kazini.